Yuko Mita Kumi na Saba

Alhamisi moja ya Machi 1998, saa tisa na nusu alasiri, Massoudi fundi redio alikuwa amepiga magoti nyuma ya Corolla yake nyeupe, avenue ya kumi na nne Buyenzi, akifunga antena kwenye bampa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Antena yenyewe aliitengeneza kwa fimbo ya kuvulia samaki, waya wa shaba wa feni iliyoungua na kipande cha bomba la maji. Wapita njia hawakuiangalia mara mbili, maana Buyenzi kila mtu ana kitu alichokifunga nyuma ya gari.

Ilibidi iwe kwenye gari. Mwaka uliotangulia wakubwa walipiga marufuku kuweka antena ya foni juu ya nyumba. Foni ndiyo ile redio ya kusema na kujibiwa, na kwa kuwa simu zilikuwa zimekatika nusu ya nchi ya Warundi, watu waliitegemea kujua nani bado yupo na nani hayupo. Massoudi alikuwa na kibali halali cha kurusha redio kwa mapenzi yake tu, bila biashara, alichopewa mwaka 1989, chenye picha yake akiwa bado na nywele. Aliisoma amri ile mara mbili. Ilitaja nyumba, ilitaja miti, ilitaja hata minara ya makanisa. Gari halikutajwa. Basi akaishusha antena kutoka kwenye bati na kuihamishia kwenye Corolla, na askari aliyekuja kukagua akamsifu kwa utii wake.

Petroli ilikuwa ikiuzwa kwa chupa za bia kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani, kwa hiyo alitoka siku ya Alhamisi tu. Na hakwenda kwenye mawimbi ya mita arobaini, ambako wenye foni wote walikuwa wamejazana. Huko kulikuwa na mapadri, mashirika ya msaada, wauza ndagala, yaani dagaa, wa Uvira, na askari waliojifanya wauza ndagala wa Uvira na hawajui hata ndagala inapimwa kwa kitu gani. Ukitaka kumwuliza mtu hali yake unasubiri nusu saa, na ukipata nafasi kuna mwanaharamu mmoja anakupigia mluzi. Massoudi alipanda mita kumi na saba. Hapakuwa na mtu kule, kwa uvivu tu: antena ya bendi ile inataka kukatwa na kupimwa kwa mkono, kidogo kidogo, na watu wa mjini subira hawana. Siku nzuri alimpata mzee mmoja wa Reunion aliyependa kueleza habari za mafua yake.

Alhamisi hiyo aliendesha hadi njia ya Gatumba, akaegesha kabla ya daraja la Rusizi, penye ardhi chepechepe, akawasha mashine. Mzee wa Reunion hakuwepo. Palikuwa na mtu mwingine.

"Hapa Astère, mpima ardhi wa serikali. Nasikika? À vous."

À vous ndivyo wanavyomalizia watu wa foni, yaani zamu yako. Massoudi alirekebisha kitasa kidogo, akabonyeza kipaza sauti.

"Astère, nakusikia muzuri sana, tano kwa tisa. Uko wapi? À vous."

Alimfahamu. Alikuwa amemtengenezea redio ya kaseti mara mbili. Mwezi wa saba uliopita Astère alishushwa garini kwenye kizuizi cha njia hiyohiyo na wanaume wenye bunduki, yeye na abiria wengine kumi na watano. Alikuwa na darubini yake ya kupimia begani na kamba ya kupimia mfukoni. Hawakuonekana tena, na jioni yake kizuizi kikahamishwa mita mia mbili mbele, kana kwamba hakikupenda kubaki pale.

"Niko mita kumi na nne na sentimita arobaini kutoka jiwe la mpaka namba mia mbili na saba," Astère alisema. "Mashariki ya jiwe. Kina ni mita moja na sitini. Tuko kumi na sita. Andika, Baba Sijaona, usiweke mu kichwa. À vous."

Massoudi, ambaye binti yake wa kwanza anaitwa Sijaona, aliandika nyuma ya risiti. Kisha, kwa kuwa ndiyo desturi ya watu wa redio wanapokutana mara ya kwanza, akamwuliza anatumia mashine gani na antena gani. Astère alisema mashine hana. Ana ile kamba ya kupimia, ya chuma, mita hamsini, imelala imenyooka kutoka kwake hadi kwa mtu wa mwisho. Massoudi alikubali kwamba kwa bendi ile kamba ya chuma ya mita hamsini si mbaya hata kidogo.

"Umeanza kuita lini? À vous."

"Tangu mwezi wa saba. Nilianza ku mita arobaini. Hawanipishi. Nikasema nije huku kwenye nafasi, lakini huku hakuna mutu anasikiliza. À vous."

Miezi minane! Miezi minane mtu anaita, mji una foni zaidi ya mia mbili, na kila moja iko bize na bei ya ndagala. Massoudi aliwasha gari akaenda Ngagara.

Caritas, mke wa Astère, alikaa quartier ya tano, katika nyumba ya watumishi wa serikali. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, na alipofika Massoudi alimkuta mezani akisahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu.

"Mama Nella," Massoudi alisema, "bwana yako nimemupata ku foni."

Caritas alimaliza ukurasa aliokuwa nao, akaweka alama.

"Iko wapi?"

"Iko mita kumi na saba."

"Kumi na saba kutoka wapi?"

Ikabidi aelezwe kwamba hizo ni mita za redio, za hewani, na kwamba za ardhini ziko kwenye karatasi. Alipewa ile risiti. Alisoma mita kumi na nne na sentimita arobaini, akaitikia kwa kichwa.

"Ni yeye," alisema. "Mutu mwingine angesema kumi na nne, akanyamaza. Huyu hata unyumba wetu aliupima kwa sentimita." Akaingia chumbani kubadili nguo, akavaa kitenge kizuri, akajipaka mafuta usoni, akaingia kwenye Corolla.

Mara ya kwanza alisahau kuachilia kitufe, akazungumza dakika nne peke yake. Massoudi alimwonyesha: ukisema unabonyeza, ukimaliza unasema à vous na unaachilia. Mwalimu hafundishwi mara mbili. Astère alimwuliza kikohozi cha Nella kimeisha? Kimeisha. Na bati la jikoni? Bado linavuja. Yeye akamwuliza kama kuna baridi. Astère alisema baridi hapana, tatizo ni maji, ziwa liko karibu na masika hupanda, ila yeye yuko upande wa juu. Wanaoteseka ni akina Mugisho na mkewe Béatrice, wauza vitenge wa Uvira, waliowekwa upande wa chini. Kisha akaomba:

"Mama Nella, mututoe. Hapa si mahali pa mutu. À vous."

"Nitakutoa," Caritas alisema. "Nimesema nitakutoa. À vous."

Na hilo ndilo alilolitaka duniani, hakuwa na jingine. Kwa Warundi mtu akizikwa zinahesabiwa siku chache, ndugu wanaoga, wanakaa pamoja, msiba unalegezwa. Mwaka ukipita wanakutana tena kwa kuganduka, wanakunywa pombe ya mtama, mjane anaachiwa aendelee kuishi. Bila kaburi hakuna siku ya kwanza ya kuhesabia. Caritas alikuwa na miezi minane ya msiba ambao haujaanza, shemeji zake wakimwuliza kila Jumapili wafanye nini.

Jumatatu alikwenda kwenye kiwanja chenye jiwe namba mia mbili na saba, pale kizuizi kilipokuwa. Kilikuwa kimeshajengwa, tangu Desemba. Na waliojenga, hebu sikia, ni Tume ya Kuwatafuta Waliopotea. Ofisi nzuri, ya matofali, ina bendera na maua. Wakubwa wa eneo ndio waliotoa kiwanja bure, walisema ni kiwanja rahisi kujengwa kwa sababu udongo wake ulikuwa umeshachimbwa.

Massoudi, aliyekopa chupa moja ya petroli kwa safari hiyo, aliegesha nje, madirisha wazi, redio ikiwa imewashwa ili Astère akisema neno asikike. Ndani kulikuwa na meza nne. Kwa hatua zake Caritas alihesabu, jiwe likiwa pale nje kwenye ua, na mita ya kumi na nne na sentimita arobaini ikaangukia chini ya meza ya tatu. Ndipo alipokaa. Karani wa meza hiyo alikuwa kijana wa tai aliyeitwa Jovithe, mwenye adabu, mwenye mwandiko mzuri. Alitoa fomu.

"Jina la aliyepotea?"

"Astère. Mupima wa serikali."

"Na sasa iko wapi, mama?"

Sasa hapa lazima ijulikane jinsi Mrundi aliyelelewa vizuri anavyosema. Hasemi mume wangu amekufa; anayekufa ni mbuzi. Anasema yitavye Imana, ameitika Mungu. Na mara nyingi Mungu hatajwi, kwa sababu kila mtu anajua aliyeita ni nani.

"Ameitika," alisema Caritas.

Jovithe alikuwa Mrundi kama yeye. Mama yake mwenyewe aliitika miaka miwili iliyopita, na kwenye tangazo la kanisani ni yeye aliyeandika neno hilo kwa mkono wake. Alilielewa vizuri kabisa, asitudanganye. Lakini fomu yake ilikuwa na swali la nane: Je, mhusika akiitwa, anaitika? Ndiyo au Hapana. Karani akaweka alama kwenye Ndiyo.

"Wee! Umeandika nini hapo?" Caritas, mtu wa kusoma kazi za watoto kichwa chini miguu juu, alikuwa ameshaona.

"Nimeandika vile umesema, mama. Astère, si ndiyo?"

"Présent!" ikajibu sauti kutoka chini ya sakafu, na kutoka kwenye Corolla nje, kwa wakati mmoja. Astère alikuwa ameitumikia serikali miaka kumi na sita. Akisikia jina lake ofisini huitika.

Jovithe aliiondoa miguu yake pale ilipokuwa na kuiweka kushoto kidogo. Makarani wengine waliendelea na kazi. Meza ya pili waliizoea sauti ya mwanamke mmoja aliyekohoa chini yao kila asubuhi.

"Unaona? Ameitika." Jovithe akachukua muhuri akagonga: AMEPATIKANA.

Caritas aliuangalia muhuri ule. Alikuwa na kalamu nyekundu kwenye mkoba na mkono ukamwasha.

"Haya. Amepatikana. Basi mumutoe."

"Mama, Tume inatafuta. Kutoa ni ofisi ingine."

"Ofisi gani?"

"Bado hawajaiunda."

Jamani! Mtu ameketi juu ya mume wa mwenzake, viatu vyake viko juu ya paji la uso la mume wa mwenzake, na anakwambia ofisi bado haijaundwa. Caritas alimwambia hivyohivyo, kwa sauti ya mwalimu ambayo hufika nyuma ya darasa, na watu wa meza zote wakainamisha vichwa kwenye karatasi zao. Mlinzi akaja akamshika kiwiko kwa heshima.

Alirudi wiki iliyofuata akapelekwa kwa Mkurugenzi, mzee mwenye sauti laini na miwani ya kamba. Mkurugenzi alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakukanusha chochote. Alisema ili sakafu ivunjwe lazima mahali pathibitishwe, na anayeweza kuthibitisha mahali kisheria ni mpima ardhi aliyeapishwa.

"Aliyepima ni mupima aliyeapishwa," alisema Caritas. "Ni yeye mwenyewe."

"Muzuri sana. Basi aweke saini."

"Mutu amekufa anaweka saini namna gani?"

Kwa hasira alikuwa amelitumia lile neno la mbuzi. Mkurugenzi alilipokea kwa masikitiko, akafungua faili.

"Nani amesema amekufa, mama? Hapa inasema amepatikana."

"Kama iko mzima, mbona haji nyumbani?"

"Hayo ni mambo ya nyumba yenu," alisema Mkurugenzi, na akashusha macho kwa staha.

Faili lilitoka pale likatembea. Mafaili ya nchi hii yakitafuta dawa ya mtu hayana miguu, lakini hili lilifika ofisi ya ardhi kwa siku tatu. Wakaona: mtumishi wetu amepatikana, na kazini hajaripoti. Barua ikaja Ngagara kwamba Astère amefukuzwa kwa kutoroka kazi. Caritas alimsomea Alhamisi, kwa kuwa hakuwa na kawaida ya kumficha. Astère alikuwa ameyachukua mengi kwa utulivu, ila hili lilimuuma. Miaka kumi na sita hajawahi kuchelewa hata siku ya mvua. Alimwomba amsomee tena sehemu ya "utoro", akasema à vous kwa sauti ndogo sana hivi kwamba Massoudi alidhani betri imeshuka.

Kuanzia hapo bendi ilianza kujaa. Labda Astère aliwaambia majirani nao wakawaambia wengine. Mwezi wa tano kulikuwa na sauti kutoka kwenye visima vya Kinama, kutoka mashimo ya vyoo, kutoka kwenye mchanga wa Rusizi. Hao wa mtoni walikuja na kupotea kwa sababu wanasogea. Hawakuwa na kamba za chuma. Walitumia walichokuwa nacho, mwingine mnyororo wa baiskeli, mwingine rozari, na sauti zao zilikuwa dhaifu. Mzee wa Reunion alilalamika mara moja kwamba bendi imekuwa na wageni wengi, akahamia pengine na mafua yake. Walizungumza kwa zamu. Hakuna aliyempigia mwenzake mluzi. Astère aliwauliza wanaona nini, wanasikia nini, maji yanatoka upande gani, na kwa maswali hayo akakadiria kila mmoja yuko wapi. Caritas aliandika kwenye madaftari ya shule. Jumatatu aliyapeleka Tume, kwa sababu hakuna pengine pa kuyapeleka, na Jovithe akayapokea na kugonga muhuri wake hadi wino ukaisha.

Mwezi wa sita Tume ilitoa ripoti. Ilikuwa imewapata watu mia tatu na arobaini, idadi ambayo hakuna tume nyingine iliyowahi kuifikia. Wageni walikuja kuwapongeza, wakapewa vinywaji kwenye ua, karibu na jiwe la mpaka. Mmoja wao alipita kwenye meza ya tatu wakati Jovithe anataja jina la Astère, akasikia "Présent", akasema "Bonjour" kwa adabu na kuendelea kutembea.

Kwa sifa hizo ofisi ikawa ndogo. Ikaamuliwa ijengwe ghorofa juu yake na chumba cha mikutano nyuma. Hapo ilihitajika ramani ya kiwanja, na ofisi ya ardhi ilimtuma Bonfils, aliyekuwa msaidizi wa Astère. Bonfils alifika mikono mitupu. Darubini ya idara ilikuwa moja tu na ilikwenda na Astère. Mkurugenzi alimwambia asihangaike, vipimo viko ndani ya faili.

Caritas aliiona ramani hiyo Jumatatu, imebandikwa ukutani kwa gundi, juu ya kichwa cha Jovithe. Jiwe namba mia mbili na saba lilikuwepo. Mita kumi na nne na sentimita arobaini, mashariki. Kina, mita moja na sitini. Palikuwa na duara ndogo kumi na sita, zimechorwa vizuri, na pembeni Bonfils alikuwa ameandika: *Udongo laini. Nguzo zisimame hapa. Zege iongezwe.*

Alisimama akaisoma yote, kama anavyosoma insha. Kisha akapita moja kwa moja hadi kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Hii vipimo mulisema haina saini!"

"Ya kuvunja, mama. Ya kuvunja ndiyo inataka saini." Mkurugenzi alivua miwani. "Ya kujenga inataka tu ikuwe sawa. Na iko sawa kabisa. Fundi ameisifu sana."

"Kwa hiyo munajua iko pale. Munajua! Mumechora mpaka duara yake!"

"Mama Nella, hatujawahi kusema hatujui."

Ni kweli, hawakuwahi. Ukirudi kwenye karatasi zote, kuanzia fomu ya kwanza, hutaona mahali waliposema hawajui. Caritas alitoa kalamu nyekundu, akarudi kwenye ramani, na katika kila duara akaandika jina, yote kumi na sita, kwa mwandiko wa ubaoni ambao hata mtoto wa darasa la kwanza angeusoma. Mlinzi alimsubiri amalize. Ramani haikubadilishwa, fundi alisema majina yatamsaidia kutochanganya nguzo.

Zege ilimwagwa Alhamisi, juu ya sakafu ileile. Corolla iliegeshwa ng'ambo ya barabara saa nane mchana. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa inanguruma, wanaume wanasukuma matoroli, vumbi la saruji linatua kwenye kioo cha mbele. Massoudi alipendekeza waje siku nyingine. Caritas alisema hapana, leo. Alichukua kipaza sauti akakiweka mapajani, kitenge chake kilekile kizuri.

Astère alikuja tano kwa tisa, kama kawaida.

"Mama Nella, kuna makelele hapa juu. Ni nini? À vous."

"Wanamwaga zege. À vous."

"Kiasi gani?"

"Sentimita arobaini. Wanaweka na nondo."

Astère alifikiri kidogo. Alisema arobaini na nondo inatosha ghorofa mbili, ni kazi ya watu wanaojua. Aliuliza kama wamefuata vipimo. Caritas alisema wamefuata.

"Vya nani?"

"Vyako."

Massoudi aligusa kitasa, akaona hakuna kasoro, akaondoa mkono.

"Haya," Astère alisema. "Basi mutakuja kututoa lini? À vous."

Tangu Machi swali hilo alikuwa ameliuliza kila Alhamisi, na kila Alhamisi Caritas alimjibu. Wiki ijayo. Baada ya mvua. Mkurugenzi akirudi kutoka safari. Tukipata saini. Alikuwa amemjibu kwa sauti ile anayoitumia kwa mtoto anayeuliza baba yake anakuja saa ngapi kumchukua, na kila aliporudi nyumbani alijichukia. Alimtazama Massoudi. Massoudi alikuwa anaangalia matoroli, machozi yanashuka kwenye ndevu zake, hayafuti. Caritas akabonyeza.

"Astère, hawakuji. Wanajua uko wapi, na jina lako wanalijua, na wamelichora, na hawakuji. Nimekudanganya mi, unisamehe. Nilikuambia nitakutoa na sikukutoa. À vous."

Akaachilia kitufe. Mashine ya zege ikazunguka mara tatu, nne.

"Bien reçu," Astère alisema. "Nimepokea, Mama Nella. Hapana kosa lako. Hapana kabisa." Halafu akasema, kwa sauti ya kazi: "Hawa wengine wanasema hawakusikia muzuri. Wako chini, na mimi siwezi kuwaambia maneno kama hayo. Urudilie. Umwite kila mutu kwa jina yake. À vous."

Orodha hakuihitaji, alikuwa ameiandika kwa mkono wake ukutani. Akajifuta uso kwa pindo la kitenge, akakaa sawa.

"Mugisho," aliita. "Mugisho, unanisikia? Hawakuji. À vous."

"Bien reçu," alisema Mugisho.

"Béatrice. Hawakuji, mama. À vous."

Béatrice aliomba arudie, kwa sababu maji yalimzuia kusikia. Akarudia. Aliyefuata alikuwa Amandine, aliyekuwa anakwenda Gatumba kununua mafuta ya mawese, akauliza kama na watoto wake wanajua. Caritas alisema atawaambia. Akaendelea hivyo, jina baada ya jina, wote kumi na watano, na kila mmoja alisubiri zamu yake bila kumkatiza mwingine. Ilimchukua hadi saa kumi na moja na robo. Wafanyakazi walikuwa wameshaosha matoroli na kuondoka, na zege ilikuwa imeanza kushika.